Msiniulize nilikuwa namba ngapi

Jumanne nimerudi kazini kutoka Moshi, miguu bado mizito, ngazi za ofisi nashuka nikiwa nimeshikilia ukuta, na kabla hata sijafika mlangoni askari wa geti ananisalimia kwa furaha kabisa, "Dada, tumesikia ulienda kukimbia Tanzania, sasa ulikuwa namba ngapi?" Nikafika juu, bosi akauliza hivyo hivyo. Saa nne mama wa chai na mandazi akaja na birika lake, swali ni hilo. Jioni mama yangu akapiga simu kutoka ushago, kijijini kwetu Machakos, hata salamu hazijaisha, "Haya mama, ulikuwa namba ngapi?"

Sijakasirika, naelewa linatoka wapi. Sisi ndio watu tuliokaa mbele ya TV tarehe 12 Oktoba 2019 tukimwangalia Kipchoge akikimbia maratoni kule Vienna mpaka saa ikasoma 1:59:40 na majirani wakapiga kelele ploti nzima. Kiptum naye Chicago 2023, 2:00:35, halafu Februari 2024 tukamzika na bado inauma. Kwa hivyo Mkenya akisikia mtu amekimbia anafikiria utepe na bendera na pesa. Mtu anayemaliza kilomita 42 kwa masaa matano na kitu kama mimi, amejilipia nauli mwenyewe na lojing mwenyewe, hajui amuweke wapi. Ndio nimeamua niandike hapa yale ningependa niulizwe, yaani niliona nini huko, kwa sababu hayo ndiyo hunitoa kitandani saa kumi na moja asubuhi mtaani Umoja kukiwa na giza na mbwa wanabweka.

Nianze na Lewa, ile hifadhi ya wanyama kaskazini mwa Mlima Kenya, maana ndiko nilikoenda nilipotoka Nairobi mara ya kwanza kwa ajili ya mbio, nikakimbia nusu maratoni. Hizo mbio zimekuwepo tangu mwaka 2000, huwa mwisho wa Juni, na pesa zinazochangishwa zinaenda kwa ulinzi wa wanyama na shule na zahanati za huko. Ada yake si ndogo, mimi nilingoja zamu yangu ya chama, ule mchango wetu wa kupokezana, ndipo nikalipa. Tulienda na matatu ya kukodi watu kumi na mbili, Sagana, Karatina, Nanyuki, halafu ile barabara ya Timau ambapo unaona ngano kushoto na kulia na Mlima Kenya uko hapo karibu mpaka unashangaa, kisha mnaanza kuteremka kuelekea Isiolo na hewa inabadilika, inakuwa kavu, na miti inakuwa mifupi. Tukalala kwa hema. Usiku baridi ilikuwa kali sana, nilivaa kila kitu nilichobeba pamoja na ile tisheti ya mbio yenyewe.

Asubuhi kabla hatujaachiliwa tunaona helikopta na ndege ndogo zinazunguka chini chini juu ya nyika. Zinaangalia ndovu na faru wako wapi na kuwasukuma mbali na njia. Hapo ndipo ilinigonga kwamba hakuna fensi kati yangu na hao wanyama, nitakimbilia ndani kwao. Kuna faru weusi na weupe, na kuna ule punda milia wa Grevy mwenye mistari myembamba na masikio makubwa ya mviringo, ambaye mimi nilikuwa sijawahi kumwona hata kwa picha, nilidhani punda milia ni punda milia. Nilimwona karibu na kilomita ya sita, wako wanne, wamesimama tu wanatuangalia kama watu wanangoja matatu. Nilisimama. Mtu nyuma yangu akanipita akisema "songa mama", nikamwambia pita tu.

Njia yenyewe ni vumbi na murram, vilima haviishi, na kivuli hakuna. Uko kama mita 1,700 juu ya bahari, karibu sawa na Nairobi, kwa hivyo pumzi ilikuwa sawa, jua ndilo lilinimaliza. Saa mbili na nusu tayari linachoma mabega. Na kwenye kila kilima kuna askari wa wanyama amesimama na bunduki, amewapa wakimbiaji mgongo, macho yake yako kwa vichaka. Hilo liliniingia sana. Kila mtu pale anaangalia mbio, yeye anaangalia upande ule mwingine, masaa yote. Karibu na kilomita ya kumi na tano nilikuwa natembea, goti limeanza kusema, nikamuuliza mmoja kama kuna kitu hapo karibu. Akajibu bila kugeuka, "Kuna ndovu nyuma ya ile miti lakini wanakula, wewe enda pole pole tu, mimi niko." Mimi niko. Nilimaliza ile mbio na hayo maneno mawili kichwani.

Wale wa maratoni nzima wanazunguka mara mbili, yaani wanafika karibu na tenti za nyama na muziki halafu wanageuka kurudi tena kwa jua. Nilikaa kwa nyasi na medali yangu nikiwaangalia wakigeuka, na heshima niliyonayo kwa hao watu mpaka leo haijapungua, hasa wale wa mwisho mwisho, kwa sababu wa mbele wanakimbia asubuhi na wa nyuma wanakimbia saa sita mchana, hizo ni mbio mbili tofauti kabisa.

Sasa Ngong. Mtu wa Nairobi ataniambia Ngong si safari, ni matatu tu. Lakini kukimbia vile vilima saba mpaka Kona Baridi kwa siku ya mashindano ni kuingia nchi nyingine. Ilikuwa mbio ndogo, hatukufika watu mia, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mitambo ya upepo iko juu yako inavuma, vuuu, vuuu, na ukungu umeifunika unasikia tu sauti, halafu ghafla bawa moja linatokea. Kupanda huko hakuna mtu anakimbia, hata wa mbele wanatembea mikono kwa mapaja. Nilichojifunza huko ni kushuka. Lami hukufundisha kuweka hatua ndefu na kuangalia mbele, kule ukifanya hivyo unaanguka, mimi nilianguka mara mbili kwa udongo ule mwekundu, mara ya pili nikateleza mpaka kwa kichaka. Kijana mmoja wa huko anayechunga kondoo, alikuwa na shuka na ndala, amesimama anatuangalia, akaniambia nifupishe hatua na nisikanyage pale penye majani yamelala, maji yako chini yake. Kweli. Kuanzia hapo nikawa natafuta majani yamesimama. Nimenunua raba za meno Gikomba baada ya hapo na zimenisaidia, lakini ule ushauri wa majani umenisaidia zaidi, hata Karura siku za mvua natumia.

Na Karura naomba niseme kidogo, ingawa huko ndiko tunakofanyia tu mazoezi ya Jumamosi. Kila mara nikipita ndani kwenye ile njia ya maporomoko namkumbuka Wangari Maathai, kwamba Januari 1999 alipigwa kwenye msitu huu akienda kupanda miti ili msitu usigawanywe kuwa ploti. Hizi njia tunazozifurahia na viatu vya bei ghali mtu alitokwa damu kwa ajili yake. Nikiona mkimbiaji mwenzangu anatupa pakiti ya jeli chini pale roho inaniuma, na huwa naokota na kumwambia. Wengine hawapendi. Wasipende.

Haya, Moshi.

Nilikuwa nataka maratoni yangu ya kwanza nzima iwe Kilimanjaro kwa sababu mlima ule nimeuona tangu utotoni kutoka mbali siku za anga safi, na sikuwahi kuufikia. Basi lilitoka Nairobi alfajiri, tukafika Namanga mpakani, foleni, kadi ya homa ya manjano, muhuri huku, muhuri kule. Afisa wa upande wa Tanzania akatuambia "Poleni na safari." Nikajiuliza, pole ya nini, kwani kumetokea nini? Kwetu Nairobi pole unapewa ukigongwa au ukifiwa. Nikadhani basi letu limeharibika.

Lojing niliyolipia kwa simu nikakuta imepewa mtu mwingine, hiyo ilinitoa machozi kidogo maana ilikuwa usiku na kesho yake ni kuchukua namba, lakini mama mwenye duka la jirani akanipeleka kwa shemeji yake aliye na chumba. Nikala mtori, ule supu mzito wa ndizi na nyama, na nawaambia kama unatafuta chakula cha kulalia kabla ya mbio acheni mambo ya tambi, kuleni mtori.

Tulianzia uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika saa 12 na nusu. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ilikuwa wazi, nyeupe juu, na jua bado halijaipata yote. Watu walikuwa wanapiga picha na wengine wanalia, mimi nililia. Nusu ya kwanza inaelekea barabara ya Dar es Salaam na kurudi, tambarare. Moshi iko chini kuliko Nairobi kwa mamia ya mita, kwa hivyo mtu anayeishi huku juu anashuka na damu iliyozoea hewa nyembamba, unajihisi mwepesi sana, kama umepewa mapafu ya mtu mwingine. Nikaenda kwa kasi ambayo sijawahi kuishika. Hilo ndilo lilikuwa kosa langu, maana baada ya mji njia inageuka kupanda kuelekea Mweka, kwenye miguu ya mlima wenyewe, na unapanda, na unapanda, na jua la Februari limeshatoka na ule unyevu ambao Nairobi hatuna, jasho halikauki linabaki tu juu yako kama blanketi. Kilomita ya thelathini mapaja yote yalikaza. Nikasimama kando ya shamba la mtu, nimeshika mti wa kahawa.

Huko juu ndiko kuzuri kuliko kote. Migomba mirefu imefunika kahawa, na mifereji ya maji inapita kati ya mashamba, na watu wametoka wamekaa mbele ya nyumba zao na nguo za kanisani, ilikuwa Jumapili. Na wote, mzee kwa mtoto, wanasema "Pole. Pole sana dada. Pole na mbio. Jikaze." Hapo ndipo nikaielewa ile pole ya Namanga. Wanamaanisha wameuona mzigo wako. Hawakungojea nianguke ndio wanipe pole. Bibi mmoja akatoka na ndoo na kikombe cha plastiki, akanimwagia maji shingoni bila kuniuliza, akasema, "Pole mwanangu, kaa kidogo, mlima hauendi popote." Akaniletea ndizi mbili kutoka ndani. Nikakaa kwa jiwe lake nikala. Hakuniuliza natoka wapi wala niko nyuma ya nani. Niliposimama akasema "Hongera," na nilikuwa bado na kilomita kumi na moja.

Kushuka nilitumia hatua fupi za Ngong. Nikamaliza kwa masaa matano na dakika thelathini na nane, uwanjani viti vingi vimeshabaki wazi, kijana akanivalisha medali.

Sasa ile simu ya mama jioni. Nilimwambia, mama, namba siijui, lakini ngoja nikwambie ndizi niliyokula. Akanyamaza. Halafu akauliza, "Ndizi gani, ya kupika au ya kuiva?" Nikamwambia ya kuiva, fupi, tamu sana. Akauliza migomba wanaipanda umbali gani, na hiyo kahawa chini haikosi jua, na maji ya mfereji ni ya nani, wanagawana vipi? Nilijibu niliyoyaona, mengine sikuwa na jibu. Tuliongea mpaka kredo ikaisha, akanipigia tena, na mama yangu huwa hapigi mara mbili.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani Machakos, jirani akapita, akaniona, akauliza lile swali. Kabla sijafungua mdomo mama akamjibu kutoka jikoni, "Alikimbia mpaka kwa mashamba ya ndizi ya Wachagga, mama mmoja akampa maji na ndizi mbili."

Februari anataka twende wote. Nimeanza kumjazia fomu za paspoti, na tayari ameuliza mara tatu kama abebe sweta, na kama yule bibi anakunywa kahawa au anapenda majani ya chai, ampelekee.