Nilivyochagua kache ya programu yetu ya tiketi za mabasi

Desemba ya mwaka 2023 ilinikuta nikisimamia programu ya mtandaoni ya kukata tiketi za mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda mikoani. Anayeifahamu njia ya kaskazini anajua kwamba katikati ya mwezi huo watu wa Kilimanjaro huanza kurudi nyumbani kwa ajili ya Krismasi, na kiti kimoja cha basi la Moshi hutafutwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Programu yetu iliandikwa kwa Django, mfumo wa kuundia programu za wavuti kwa lugha ya Python, na data zake zilikaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Kila abiria alipotafuta safari, hifadhidata iliulizwa upya ratiba, vituo, nauli, aina ya basi na mpangilio wa viti, ingawa mambo hayo, ukiondoa viti vyenyewe, hayakuwa yamebadilika tangu asubuhi. Ikifika saa mbili usiku, watu wametoka kazini na simu ziko mikononi, ukurasa wa matokeo ulichelewa kiasi kwamba wengine waliondoka kabla haujafunguka.

Nilijua kwamba tunahitaji kache, yaani mahali pa kuweka matokeo ya kazi iliyokwisha kufanyika kwenye kumbukumbu ya haraka ya seva ili anayefuata asisubiri kazi ileile ifanywe tena. Nilijua pia kwamba tunahitaji kache ya vitu, si ya kurasa nzima. Varnish, programu ya kache ya tovuti ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2006 na ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya tovuti ya gazeti la Verdens Gang la Norwei, huhifadhi kurasa nzima, na kwa gazeti jambo hilo linafaa sana kwa sababu wasomaji wote huona ukurasa uleule. Kwetu ukurasa mmoja ulibeba jina la abiria, safari yake na viti vilivyobaki dakika hiyo, kwa hiyo niliiweka kando mapema.

Januari 2024 nilianza na njia iliyo karibu zaidi, yaani kache ya ndani ambayo Django huja nayo na ambayo haihitaji kusakinisha chochote. Siku mbili baadaye alinipigia simu dada mmoja wa dirisha la tiketi katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi. “Kaka, nauli ya Moshi ni ipi hasa? Nikifungua naona thelathini na tano, nikifungua tena naona thelathini na nane, na abiria amesimama hapa ananitazama.” Nilifungua ukurasa nikauona mwenyewe: bei ya zamani, bei mpya, kisha ya zamani tena. Seva yetu iliendesha michakato minne ya programu sambamba, na kache ya ndani ya Django huishi ndani ya kila mchakato peke yake. Nauli ilipobadilishwa, mchakato mmoja ulipata habari na mitatu ikabaki na nakala yake ya zamani hadi muda wake ulipokwisha. Sikuhitaji kusoma zaidi ili kukubali kwamba kache yetu lazima ikae mahali pamoja panapofikiwa na michakato yote.

Hapo mjadala ukawa kati ya Memcached na Redis. Memcached iliandikwa na Brad Fitzpatrick mwaka 2003 kwa ajili ya tovuti ya blogu ya LiveJournal, na hadi leo inafanya jambo moja tu: unaipa ufunguo, yaani jina la kitu, na thamani, yaani kitu chenyewe, inavitunza hadi muda wake uishe au nafasi ijae. Redis, kazi ya Mwitaliano Salvatore Sanfilippo iliyotoka mwaka 2009, ina orodha, seti, seti zilizopangwa kwa alama, foleni, na uwezo wa kuandika data kwenye diski ili zisipotee seva inapozimwa. Mwenzangu aliitaka Redis kwa hoja ya kwamba ina kila kitu ilicho nacho Memcached na zaidi. Tulibishana kwa wiki nzima juu ya ipi ina kasi zaidi, na sasa naona wiki hiyo haikutufikisha popote, kwa sababu zote mbili hujibu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde, wakati swali letu la PostgreSQL lilichukua mara mia kadhaa ya muda huo.

Kilichotuondoa kwenye ubishi ni karatasi. Niliandika kila kitu tulichofikiria kukiweka kwenye kache, na mbele ya kila kimoja nikajibu maswali mawili: kikipotea sasa hivi, nani ataumia, na kikiwa kimepitwa na wakati, kwa muda gani tunaweza kuvumilia. Majina ya vituo na mpangilio wa viti vya basi vingeweza kukaa siku nzima. Ratiba na nauli zilivumilia dakika tano, ila LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, inapotangaza nauli mpya zilipaswa kubadilika zote kwa pamoja. Idadi ya viti vilivyobaki ingeweza kuchelewa sekunde kumi na tano kwenye orodha ya matokeo, lakini abiria anapogusa kiti fulani, jibu lazima litoke kwenye hifadhidata yenyewe. Mwenzangu alikuwa amependekeza kwamba kiti kinachosubiri malipo ya simu kishikiliwe ndani ya Redis kwa dakika kumi, kwa ufunguo unaojifuta. Nilikataa, na bado nakataa. Kiti kilichoshikiliwa ni ahadi kwa mtu aliyekwisha kutoa simu yake kulipa, na ahadi hukaa kwenye hifadhidata pamoja na sharti la kuzuia watu wawili kukata kiti kimoja. Orodha hiyo ilipokamilika, hakukuwa na kitu hata kimoja kilichohitaji zaidi ya ufunguo, thamani na muda wa kuisha.

Wakati tukiwa hapo, Machi 2024, kampuni inayomiliki Redis ilitangaza kwamba matoleo yajayo yataacha leseni huria ya BSD na kutumia leseni mbili mpya ambazo Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni za programu huria, haizitambui kuwa huria. Kabla mwezi haujaisha, shirika la Linux Foundation lilitangaza Valkey, tawi lililoanzia msimbo wa Redis 7.2.4, linaloendelezwa kivyake na kubaki na leseni ya BSD. Kwa matumizi yetu mabadiliko hayo yasingetuzuia chochote, lakini mkataba wetu na mteja ulitaka sehemu zote za programu ziwe za leseni huria zinazotambuliwa, kwa hiyo hoja ya Redis ikaisha kwa upande wetu. Mei 2025 Redis 8 iliongezewa leseni ya AGPL, ambayo inatambuliwa, ila sisi tulikuwa tumekwisha kuchagua Memcached mwaka uliotangulia.

Kuichagua hakukumaliza kazi. Mwanzoni niliweka safari zote za wiki kama kitu kimoja, na ukurasa haukupata nafuu yoyote. Hakukuwa na ujumbe wa kosa. Nilipoiuliza Memcached takwimu zake niliona idadi ya mara ilizokosa kitu ilichoulizwa ikipanda kila ukurasa ulipofunguliwa, ndipo nikakumbuka kwamba kwa kawaida haipokei kitu kinachozidi megabaiti 1. Niligawa orodha kwa njia na tarehe, nikaacha pia kuhifadhi vitu vya Django vyenyewe na kuhifadhi kamusi za kawaida, kwa sababu msimbo ulipobadilika vitu vya zamani vilishindwa kufunguka.

Kubadilisha nauli zote kwa pamoja tulikufanya kwa namba ya toleo iliyomo ndani ya ufunguo wenyewe, kwa mfano `ratiba:14:dar-moshi:2024-12-20`. Nauli zikibadilika, 14 inakuwa 15, programu inatafuta funguo mpya, na zile za zamani hazifutwi na mtu. Zinasukumwa nje zenyewe kadiri zinavyokaa bila kuulizwa. Tatizo la njia moja maarufu kuishiwa muda na maombi yote kukimbilia PostgreSQL kwa mkupuo tulilizuia kwa amri ya `add`, ambayo hufanikiwa tu ikiwa ufunguo haupo. Ombi la kwanza linaloweka ufunguo wa kufuli ndilo linalojenga upya, na mengine yanapewa nakala iliyopita kwa muda huo mfupi.

Kosa lililoniuma zaidi lilitokea Juni, siku za kuelekea Idd el-Hajj, abiria wa Tanga walipokuwa wengi. Niliweka na sesheni za abiria, yaani kumbukumbu za nani ameingia kwenye akaunti yake, ndani ya Memcached, na sikubadilisha kiasi cha kumbukumbu inachokuja nacho, ambacho ni megabaiti 64. Nafasi ilijaa, na mtu aliyekwenda kuweka namba ya siri kwenye simu yake alirudi akakuta ametolewa kwenye akaunti. Malipo yake yalikuwa salama, lakini yeye hakulijua hilo, na alikuwa na haki ya kuogopa. Sesheni zilikuwa kwenye karatasi yangu, zimeandikwa kwamba hazipaswi kupotea, nami nikazipitisha njia ya mkato. Tulizihamishia kwenye mfumo wa Django unaoandika sesheni kwenye hifadhidata na kache kwa pamoja, tukaongeza kumbukumbu hadi megabaiti 512, na tukahakikisha mlango wa mtandao wa 11211, ambao Memcached hupokelea maombi, unasikiliza ndani ya seva tu. Hilo la mwisho halina mzaha: Februari 2018 GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo wa programu, ilishambuliwa kwa mafuriko ya terabiti 1.35 kwa sekunde yaliyotokana na seva za Memcached zilizoachwa wazi kwenye intaneti.

Valkey tuliisakinisha Oktoba 2024, kwa kazi nyingine, yaani foleni ya ujumbe wa tiketi kwa abiria. Inaandika kwenye diski, na sera yake ni kukataa maandishi mapya nafasi ikijaa badala ya kufuta ya zamani, kwa kuwa ujumbe wa tiketi haupaswi kutupwa. Haichanganywi na kache. Desemba iliyofuata, tarehe 20 saa mbili usiku, nilikaa na takwimu za Memcached mbele yangu: maombi tisa kati ya kumi ya ratiba yalipata jibu humo, na hakuna kitu kilichokuwa kimesukumwa nje tangu asubuhi. Yule dada wa Mbezi alipiga simu mara moja usiku huo, kuuliza kuhusu mashine ya kuchapia tiketi iliyoishiwa karatasi.