Kukomaza tangi jipya la samaki kwa maji ya Dodoma

Ukilijaza tangi maji na kutia samaki jioni hiyohiyo, mara nyingi wataishi vizuri siku nne tano, kisha wataanza kupanda juu kuvuta hewa, na baadaye kufa mmojammoja. Muuzaji atakwambia ni ugonjwa. Kwa kawaida ni amonia tu.

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua, na chakula kilichobaki kikioza huiongeza. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia na wewe huipunguza kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hukaa wamejishikiza kwenye sponji, changarawe na vioo. Wanaoelea kwenye maji ni wachache mno. Ndiyo maana jagi la maji kutoka tangi la rafiki halikusaidii kitu, lakini sponji yake chafu ni mali. Kukomaza tangi ni kuwafuga bakteria hao kwanza, bila samaki hata mmoja, mpaka wawe wengi wa kutosha.

Anza na maji yenyewe. Maji mengi ya bomba hapa mjini hutoka visima virefu vya Mzakwe. Angalia ndani ya birika lako: lile gamba jeupe linakwambia maji ni magumu, na kwa kazi hii ugumu huo ni neema, sababu zake ziko huko chini. Tatizo ni klorini, ambayo imewekwa ili iue bakteria. Maji yaliyokaa siku kadhaa kwenye simtanki yamepoteza sehemu kubwa yake, ila siku ya mgao simtanki likijazwa upya klorini inarudi. Chota kwenye ndoo zilizo wazi, weka jiwe la hewa, acha saa 24. Kama unatumia kisima cha uani, pima naitreti kabla ya lolote. Kisima kilicho karibu na vyoo vya shimo kinaweza kukupa maji yenye naitreti nyingi tangu siku ya kwanza, ukadhani tangi limekomaa.

Wakati wa kujaza, hesabu ndoo. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 40 kwa hesabu ya karatasi ni lita 72, lakini ukitoa unene wa kioo, changarawe na nafasi ya juu unabaki na lita 54 hivi. Vipimo vyote vinavyofuata vinategemea namba hiyo ya kweli. Mchanga wa korongo unafaa ukioshwa mpaka maji yatoke safi. Kwanza dondoshea kiasi kidogo siki au limau. Ukitoa povu una chokaa na utazidi kuyafanya maji kuwa magumu.

Kwa filta, napendelea ya sponji inayosukumwa na pampu ya hewa kuliko zile za boksi lililofungwa. Ni rahisi, na umeme ukikatika sponji inabaki ndani ya maji ya tangi, bakteria wanaendelea kupata oksijeni kidogo. Kwenye boksi lililofungwa oksijeni huisha upesi. Umeme ukikaa saa tatu nne bila kurudi, mwaga maji ya ndani ya boksi kabla ya kuwasha, maana ukiliwasha hivihivi linamwaga uozo wote tangini. Pampu ya hewa iendeshe usiku na mchana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya Dar es Salaam kwenye joto lilelile, na bakteria hawa ni walafi wa oksijeni. Hita iwe ya wati 1 kwa kila lita, uiweke nyuzi 27. Wapo wanaoona hita ni anasa kwa sababu mchana ni joto. Usiku wa Juni na Julai utawaonyesha: maji yakishuka kwenye nyuzi 18 kazi ya wiki nne inakuwa ya miezi.

Sasa chakula cha bakteria, ndipo watu wanapoharibu. Wengi hutupia dagaa au kipande cha kamba kioze. Inafanya kazi, lakini hujui umeweka kiasi gani, inanuka, na inaota ukungu mweupe kama pamba. Nenda duka la pembejeo, ulizia mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, uchukue yenye chembe nyeupe isiyochanganywa na kitu. Pima gramu 8 kwa mizani ndogo (kijiko hakifai hapa), yeyusha kwenye lita 1 ya maji, andika jina kwenye chupa na uifiche mbali na watoto. Kila mililita 1 ya maji hayo kwa kila lita 1 ya tangi inakupa amonia miligramu 2 kwa lita. Tangi la lita 54 linataka mililita 54, yaani sirinji ya mililita 10 mara tano na nne za mwisho. Basi.

Usitumie mbolea za DAP wala NPK. Fosfeti yake ni karamu ya mwani. Mbolea ya CAN ina naitreti tayari, itakuvurugia vipimo. Urea inawezekana kikemia, lakini kipimo cha amonia hakiioni mpaka kwanza ivunjwevunjwe. Mtu anaweka, anapima, anaona sifuri, anaongeza tena na tena, halafu siku moja yote inageuka amonia kwa mpigo.

Vipimo viwe vya matone, si vya karatasi. Unahitaji cha amonia, naitraiti, naitreti na pH, yaani kiwango cha asidi au alkali ya maji. Soma rangi ukiwa mlangoni kwenye mwanga wa mchana, bomba la kioo likigusa kadi nyeupe. Chini ya taa ya njano kijani cha 0.25 na njano ya sifuri vinafanana kabisa.

Weka dozi ya kwanza, kisha usiguse. Siku ya pili hadi ya tano maji yanaweza kuwa meupe kama yaliyooshea mchele. Hao ni bakteria wengine wanaokula uchafu, watapungua wenyewe. Usimwage maji. Amonia kwa kawaida huanza kushuka kati ya siku ya 7 na ya 14, na hapohapo naitraiti inatokea. Amonia ikifika chini ya 0.5, rudisha dozi nzima. Kumbuka kila miligramu 1 ya amonia huzaa miligramu 2.7 za naitraiti, kwa hiyo ndani ya dozi chache kipimo kinajaa na rangi haibadiliki tena. Ikipita 5, punguza dozi iwe nusu na uiweke kila baada ya siku tatu. Hiki ndicho kipindi kirefu na cha kuchosha, wiki mbili hivi ambazo rangi haisogei, na wengi wanakata tamaa hapa siku chache kabla ya naitraiti kuporomoka.

Ikiganda kweli, pima pH. Kazi ya bakteria hawa hula alkali ya maji: dozi kumi za miligramu 2 zinameza alkali ya karibu miligramu 118 kwa lita. Maji magumu ya bomba yana akiba. Aliyejaza tangi kwa maji ya mvua aliyokinga Januari hana akiba yoyote. pH yake itashuka chini ya 6.5, bakteria wazembee, na chini ya 6 karibu wasimame kabisa. Dawa ni bikaboneti ya soda, ile ya paketi madukani: kijiko cha chai kilichosawazishwa, gramu 5 hivi kwa lita 100, kikayeyushwe kwanza kikombeni. Hamira siyo, na beking pauda siyo.

Ukipata sponji iliyokomaa kutoka tangi lenye samaki wazima, ikamulie pembeni ya filta yako na kipindi chote kinaweza kushuka hadi wiki mbili. Bila hiyo hesabu wiki nne hadi sita.

Tangi limekomaa pale unapoweka dozi nzima ya miligramu 2 na baada ya saa 24 amonia ni sifuri na naitraiti ni sifuri. Amonia sifuri peke yake haitoshi. Rudia jaribio siku mbili mfululizo. Wakati huo naitreti inaweza kuwa imepita 70, hivyo toa maji asilimia 80, jaza mapya yasiyo na klorini na yenye joto lilelile. Endelea kuwapa bakteria dozi ndogo hadi siku mbili kabla ya samaki kufika, kisha pima tena usiku wa mwisho. Ukiwaacha wiki nzima na njaa watapungua.

Kwa maji yetu gapi, moli na samaki wa Ziwa Tanganyika wanaanza vizuri, kwa kuwa ugumu ni wa kwao. Ila kwenye pH ya 8 sehemu ya amonia iliyo sumu kali ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7, kwa hiyo uzembe hapa unaadhibiwa haraka. Leta nusu ya samaki uliowapanga, wape chakula kidogo cha kumalizika ndani ya dakika mbili, pima kila siku kwa wiki moja. Sponji ikiziba, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Bombani hapana: siku ya mgao, klorini ya koki inaweza kuua bakteria na kukurudisha nyuma.