Mbogo aliyejeruhiwa na kichuguu kilichoniokoa

Watu hutoa ushauri wa "usikimbie" kana kwamba wanyama wote wana tabia moja. Kwa simba ni sawa, ukimpa mgongo umejifanya windo. Kwa mbogo mwenye risasi mwilini mambo ni mengine, na mimi leo niko hai kwa sababu nilikimbia. Zilikuwa hatua chache tu, tena za kwenda pembeni, lakini nilikimbia.

Nilikuwa mfuata nyayo katika kitalu cha uwindaji wa kitalii kusini mwa Selous, upande wa Mto Mbarang'andu, sehemu iliyobaki kuwa pori la akiba baada ya eneo kubwa la kaskazini kufanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Mfuata nyayo hapewi bunduki. Anatangulia wenzake wote, macho chini, mkononi ana kijiti cha kuonyeshea alama na kijifuko cha majivu cha kupimia upepo. Nyuma yake yuko mwindaji bingwa anayeongoza msafara, ambaye sisi humwita bosi, kisha mgeni aliyelipia, kisha askari wanyamapori, yaani afande. Kwa hiyo mnyama akija, wa kwanza kuonana naye ni yule asiye na kitu.

Ilikuwa mwishoni mwa Septemba, miyombo imeanza kutoa majani mapya mekundu na mbung'o wanauma hadi ndani ya shati. Tuliwapata madume mawili mazee, wale waliokwisha kuachana na kundi. Mgeni alipiga kwa bunduki ya kipimo cha .375, ambayo kwa mbogo ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa. Dume lilijikunja mgongo, likaingia vichaka vya korongoni pamoja na mwenzake. Tukatega masikio. Mbogo anapokata roho mara nyingi hutoa mkoromo mrefu, ukiusikia mara moja huusahau. Hatukusikia chochote.

Hapo huna hiari. Mnyama aliyejeruhiwa lazima afuatwe na kumalizwa, na mgeni atamlipia apatikane asipatikane. Tulikaa kivulini karibu nusu saa ili apoe, kisha nikaingia kwenye alama. Damu ya mapafu ni ya waridi na ina mapovu, na mwenye damu hiyo hafiki mbali. Niliyoiokota kwenye jani ilikuwa nzito, nyeusi-nyeusi, imechanganyika na uchafu wa kijani wa tumboni. Nikamwonyesha bosi bila kusema neno. Uso wake ulibadilika. Mbogo wa jeraha hilo anaweza kuishi saa nyingi, na zote ana hasira.

Mjomba wangu, aliyenifundisha nyayo kabla sijaenda kusomea uaskari wa vijiji pale Likuyu Sekamaganga, alikuwa akiniambia: "Mwanangu, tafuta mti kwanza, mbogo utamtafuta baadaye." Ndivyo nilivyofanya siku ile. Kabla ya kusogea nilichagua mahali pa kukimbilia, na nikifika hapo nachagua pengine. Wengi huona ni woga. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe, kusoma damu ni nyongeza.

Mbele kidogo nyayo za madume zikaachana. Yule mzima alinyoosha kwenda mtoni. Wetu alikuwa amesimama. Damu ilitulia mahali pamoja na kwato zilikuwa zimegeuka kutazama tulikotoka. Halafu akaanza kupinda kushoto, kidogo kidogo, kama barabara inayozunguka kilima. Nikainua ngumi, nikachutama. "Bosi, anatuzunguka. Hayuko mbele, yuko kushoto." Anarudi kuvizia njia yake mwenyewe. Bosi akamrudisha mgeni nyuma na afande, yeye akaja ubavuni kwangu na bunduki yake ya mitutu miwili. Mimi nilikuwa nimeshakiona kichuguu upande wa kulia, kirefu kunipita, mizizi ya mti imekishika.

Shashi, ndege wanaokula kupe mgongoni mwa mbogo, waliruka wakilia. Kijiti kikavunjika. Akatoka.

Picha za vitabuni humwonyesha mbogo akija kichwa chini. Siyo. Anakuja pua mbele, macho wazi, anakuangalia wewe, na pembe anazishusha mwishoni kabisa. Mpigaji hana nafasi kubwa, kwa sababu juu ya paji kuna ule mfupa wa pembe zilizoungana. Mtutu wa kwanza ulimpiga kifuani, akapiga goti na kuinuka. Mimi nilishaondoka. Alinifuata mimi niliyekuwa nikienda mbio, akagonga kichuguu, udongo ukanimwagikia, akazunguka.

Nikalala kifudifudi, uso ardhini, mikono imeshika mzizi. Pembe za mbogo zimepinda kwenda chini kisha juu. Aliyesimama humchota na kumrusha, lakini aliyejibana chini inamlazimu amtafute kwa pua. Alinitafuta. Alinikandamiza kwa paji la uso, nikasikia ubavu ukilia, pembe moja ikanichana nyonga. Ute wake ulikuwa wa moto. Sikupiga kelele, na siyo ushujaa, pumzi haikuwepo.

Bosi alisogea karibu sana ndipo akafyatua mtutu wa pili, shingoni. Mbogo akaanguka, miguu ya nyuma karibu na yangu, na safari hii mkoromo tuliusikia. Bado akampiga nyingine, tunayoiita ya bima, kisha akamgusa jicho kwa fimbo ndefu kuhakikisha amekufa, akiwa amesimama upande wa mgongo.

Afande alinisafisha kwa maji ya kunywa na kunifunga nyonga kwa shati lake. Gari lilitufikisha Songea usiku, kila shimo la barabara nikalihesabu kwa mbavu. Zilikuwa zimevunjika mbili. Nikiwa wodini nililetewa habari za mchunaji: risasi ya mgeni ilipita nyuma ya mapafu, ikagusa ncha ya ini na kuingia tumboni. Damu ilikuwa imesema kweli.

Msimu uliofuata nilirudi porini kwa sharti moja, ambalo bosi alilikubali bila ubishi. Siku mgeni anapojaribu bunduki kwenye ubao pale kambini, nami niwepo nione mkono wake. Anayetawanya risasi aanze na kongoni.