Nilivyoziondoa chenga kwenye jiwe la Bismarck

"Weka ISO 100, chenga zitakwisha zenyewe." Ushauri huu, kwamba ukishusha ISO (kiwango cha kamera kuukuza mwanga) vile vidoa vya chembechembe kwenye picha vinaisha, nimepewa na kila mwenye kamera shingoni hapa Mwanza, na nikiusikia tena nitagombana na mtu.

Mwenye loji mmoja alitaka picha ya machweo ya Bismarck, lile jiwe lililosimama majini Ziwa Victoria, aitundike mapokezi, upana mita moja na nusu. Sasa ukisimama pale Kamanga, kivukoni, jioni, jua linazamia ng'ambo ya ghuba, nyuma ya jiwe, kwa hiyo uso wa jiwe unaokutazama uko gizani huku mbingu inawaka. Nikaweka hiyo ISO 100, nikapunguza mwanga ili mbingu isiungue, nyumbani nikavipandisha vivuli mwangaza kwenye kompyuta. Loo! Jiwe zima vidoa vyekundu na vya kijani. Mteja akaniuliza nani kalipaka rangi. Nikalilainisha kwa programu. Chenga zikaenda, nyufa nazo zikaenda, likabaki kama kipande cha sabuni kilichotumika.

Jamani, chenga zinaletwa na uhaba wa mwanga. Kitone kimoja cha sensa (kibao cha ndani ya kamera kinachonasa mwanga) kikipokea chembe 100 za mwanga, idadi inayumba kwa kama 10, asilimia 10 nzima. Kikipokea 10,000 inayumba kwa 100, asilimia 1 tu. Kwenye kivuli zinafika chache, ndiko picha inakoharibikia. Piga RAW (faili ghafi la kamera), ongeza mwanga hadi ukingoni mwa mbingu kuungua, hilo linajulikana.

Ila ujanja wangu ni huu. Nilifunga kamera kwenye stendi, mfuko wa mchanga ukining'inia chini maana upepo wa ziwa hauna adabu, nikapiga picha 16 mfululizo, ISO ileile 100. Kwenye GIMP, programu ya bure, nikazipanga tabaka juu ya tabaka, kila moja na kiwango chake cha kuonekana (opacity): ya chini imejaa, ya pili asilimia 50, ya tatu 33, ya nne 25, hivyo hivyo hadi ya 16 kwenye asilimia 6. Ni wastani tu. Jiwe halihami, chenga zinahama kila picha, basi zinamezana. Kwa picha 16 chenga zinabaki robo. Nilipovipandisha vivuli tena, nikaona hadi kinyesi cheupe cha ndege ndani ya ufa. Nilicheka peke yangu.

Aliyenisumbua ni mnandi aliyetua kileleni. Alikuwa anageuza shingo, katokea na vichwa viwili! Nikamtoa kwenye picha moja, nikambandika. Maji yalitoka laini, mteja akadhani nimekusudia, sikumbishia.

Kunoa, yaani kuongeza ukali wa picha, iwe mwisho, tena kwenye kingo tu. Ukinoa kivuli umenoa chenga. Na f/22 achana nayo, tundu la lenzi linakuwa dogo mno, linafifisha ukali. f/8 inatosha.

Mwenye loji kalipa nusu. Nyingine nipitie mwisho wa mwezi, na picha kashaitundika.