Shimo la Bamburi na Bustani ya Bwana

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Isaya 51 na sijavuka mistari mitatu ya kwanza, manake hiyo mitatu peke yake ni chakula cha mwezi mzima. Mstari wa 1 Mungu anawaambia watu wake waangalie mwamba waliochongwa na shimo walilochimbuliwa. Mstari wa 3 anasema amepafariji mahali pa Sayuni palipokuwa ukiwa, nyika yake ameifanya kama bustani ya Bwana. Shimo, halafu bustani. Na hapo katikati kawekwa Ibrahimu, mtu mmoja tu, aliyeitwa akiwa peke yake.

Kila nikisoma hapo akili yangu inaenda Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kwenye ile kwari ya zamani, yaani shimo la kuchimba mawe, ya kiwanda cha simiti.

Kiwanda kilianza kutoa simiti mwaka 1954. Mawe yake ni matumbawe ya kale, miamba iliyojengwa na viumbe vidogo vya baharini zamani sana, wakati bahari ilikuwa imepanda juu kuliko leo, wataalamu wanasema ni zaidi ya miaka laki moja. Ukiokota kipande cha jiwe hilo ukakigeuza juani unaona vinyota vidogo vidogo vimepangana, hivo ni vyumba walimokuwa wakiishi wale viumbe. Basi mawe yakapasuliwa, yakasagwa, yakachomwa kwenye tanuri kwa joto la zaidi ya digrii 1,400, yakawa simiti, na simiti ikawa nyumba na madaraja na mashule na makanisa pia, haya haya tunayoimbia. Sisi tunaangalia jengo tunasifu jengo. Isaya anasema angalieni shimo.

Na shimo lenyewe lilikuwa hali mbaya kweli. Udongo wote umeshaondolewa, kumebaki mwamba mtupu, jua linapiga chini linarudi juu, na kwa vile walichimba mpaka karibu na maji ya ardhini, hayo maji nayo yana chumvi. Mwaka 1971 Rene Haller, Mswisi mtaalamu wa kilimo aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni hiyo hiyo, akaanza kujaribu kupanda miti mle ndani. Aina 26 zilipandwa. Zilizoishi ni 3, mnazi, mti wa Kisomali unaoitwa damas, na mvinje. Mtu wa hesabu angefunga daftari hapo hapo lakini Mungu wa Ibrahimu hajawahi kuogopa kuanza na wachache.

Mvinje ndo ulioshika kazi. Chumvi unaivumilia, na kwenye mizizi yake kuna vinundu wanamoishi bakteria wanaoupa mti naitrojeni kutoka hewani, kwa hiyo unaweza kukua pale ambapo mti mwingine haupati chochote. Ikapanda juu, ikawa kijani.

Sasa hapa ndo nataka tukae kidogo wapendwa. Miti ilisimama lakini chini bado palikuwa pamekufa. Zile sindano za mvinje, ambazo ukizitazama kwa karibu ni vijitawi vyembamba vyenye pingili, zilidondoka zikajazana juu ya mwamba na hazikuoza, kwa sababu zina tanini nyingi, ule ukali unaofanya vijidudu vya kuozesha viziache. Bila kuoza hakuna udongo, na bila udongo hakuna mti mwingine utakaoota. Yaani msitu unaonekana mzima kwa juu na chini yake ni jiwe na uchungu uliolundikana. Mimi nawajua waamini wa namna hiyo na nawapenda sana, wamevuka msiba, wamevuka talaka, wamevuka kufukuzwa kazi, wamesimama, kila mtu anasema huyu Mungu amemshika na ni kweli amemshika, lakini yale yaliyodondoka moyoni miaka yote hiyo yapo pale pale makavu. Tunawapigia makofi kwa ushuhuda halafu tunaenda nyumbani.

Kilichofungua mambo Bamburi ni jongoo. Haller aliona jongoo anatafuna zile sindano zilizokataliwa, yule jongoo mkubwa mweusi mwenye miguu myekundu ambaye mvua zikinyesha pwani anajaa kila mahali na watoto wanamgusa ili ajikunje. Akaagiza waletwe mamia. Wakala, wakaziana, wakala tena, na kinyesi chao ndicho kilichokuwa udongo wa kwanza juu ya ule mwamba. Si mashine iliyofanya hiyo kazi, si mtu mwenye cheo.

Na mimi siwezi kusoma hiyo bila kufika Zaburi ya 22, ile ambayo Yesu aliilia msalabani, mstari wa 6, "mimi ni mdudu wala si mtu". Bwana wetu alikubali kushuka mpaka hapo, akala uchungu ambao hakuna aliyeuweza, na kutoka hapo kukawa na mahali pa wengine kuota. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, na makanisani tunatupa sana jamani. Yule mama anayekaa masaa na mgonjwa bila kuhubiri, yule kaka anayesikiliza hadithi ile ile ya mara ya kumi bila kukatiza, hao hatuwapi maiki. Kumbe wao ndo wanaotengeneza udongo.

Baadaye miti mingine ikaota, mabwawa yakajaa samaki, wanyama wakaletwa, na mwaka 1984 watu wakafunguliwa njia ya kutembea, leo panaitwa Haller Park. Wengi mnapajua kwa ajili ya Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akafanya urafiki na kobe mzee. Ila mimi kinachonishika zaidi ni kwamba shimo halikufukiwa. Kuta za kwari bado zinaonekana, na bustani iko chini kule kule walikochimba. Mungu hajatuahidi kurudisha usawa wa ardhi uliokuwepo kabla hatujaumizwa, ila mle mle ndani anapanda.

Wiki hii tusome Isaya 51:1-11 na Zaburi 22 yote mpaka mwisho, maana mwisho wake ni sifa. Kila mmoja amtafute mtu mmoja aliyesimama vizuri kwa nje, amuulize yale ya ndani, na asiwe na haraka ya kujibu. Na tuwaombee ndugu zetu wanaokata mawe kwenye makwari ya pwani kutwa juani, Bwana awalinde macho, mapafu na mikono, na malipo yao wayapate kwa wakati. Mbarikiwe sana.