Dira ya 2040 na cheti cha mdogo wangu

Mwaka 2013 Uganda ilizindua Dira ya 2040, ikijipa hadi mwaka 2040 kuigeuza nchi ya wakulima wadogo kuwa nchi ya kisasa yenye ustawi, ambapo pato la wastani la kila mtu litafika dola 9,500 kwa mwaka. Bado ninaiamini, ingawa kwa wasiwasi.

Mdogo wangu hapa Malaba ana stashahada ya uhasibu, na cheti chake hukiweka ndani ya mfuko wa nailoni chini ya kiti cha bodaboda, ili siku akiitwa kazini asilazimike kurudi nyumbani kukichukua. Jioni hukitoa, akakipangusa vumbi kwa ncha ya shati.

Jirani yetu alipata shilingi milioni 1 za mpango wa serikali wa kuendeleza parishi (eneo dogo la utawala, si la kanisa) ulioanzishwa mwaka 2022, akanunua kuku wa mayai, na sasa analipa karo. Hilo limenifurahisha sana. Hata hivyo, kizazi kilichosomeshwa tangu elimu ya msingi bila ada ilipoanza mwaka 1997 kinahitaji viwanda na ajira za ujuzi, na hapo ndipo tumechelewa. Ifikapo 2040, mdogo wangu atakuwa amevuka miaka 40.