Flashi ya kuazima haiji na leseni

Juzi dada yangu kaniletea laptopu yake, pale chini kulia kwenye skrini kuna maandishi yamefifia yanamwambia aaktiveti Windows, yaani athibitishe leseni yake, na yeye anashangaa maana imefanya kazi vizuri tu miezi kama sita tangu fundi ampigie Windows upya. Nikamuuliza dada, fundi alitumia nini, akasema flashi ya ofisini kwao fundi, na kazi yenyewe fundi aliifanyia huko huko ofisini.

Nikafungua ile skrini nyeusi ya komandi, nikaandika slmgr /dli, kikatokea kiboksi kidogo na ndani yake neno VOLUME_KMSCLIENT. Basi nikaelewa. Hiyo ni leseni ya jumla, ambayo kampuni au shule inanunua kwa ajili ya mashine zake yenyewe, na mashine inajiaktiveti kwa kuongea na seva (kompyuta kuu) ya ofisi, alafu lazima iongee nayo tena kabla siku 180 hazijaisha. Laptopu ya dada iliongea na seva siku ile ile moja, ikarudi nyumbani, siku zikaisha. Kinachoniuma ni kwamba laptopu ilikuja na leseni yake halali kutoka kiwandani na leseni hiyo ilikuwa imelala humo humo ndani muda wote huo!

Jamani, flashi au CD ni chombo tu cha kubebea mafaili. Kuazima chombo sio tatizo kama mashine yako ina leseni yake, ila kuazima kii ya mtu, zile herufi na namba 25, hapo ndio unakosea, hata kama mwenyewe kakupa kwa roho safi, kwa sababu leseni moja ni ya mashine moja.

Zamani za Windows XP chombo chenyewe kilikuwa kinasumbua kweli. Stika iko chini ya laptopu, kii unaisoma vizuri, lakini CD uliyoazima ni ile ya kununua dukani na kii yako ni ya OEM, yaani ile inayokuja na mashine kutoka kiwandani, basi inakataliwa, na watu wengi wakadhani kii yao ni mbovu wakakimbilia kreki, yaani programu za kuvunja leseni, wakati kilichotakiwa ni CD ya aina inayoendana na kii. Kuanzia Windows 8, mwaka 2012, mashine zinazotoka kiwandani na Windows zinawekewa kii ndani ya baiosi (ile programu ndogo ya kuwashia mashine, iliyo kwenye mashine yenyewe), ndio maana siku hizi huoni tena stika yenye namba.

Kwaiyo cha kuangalia sasa ni toleo la Windows, kama ni Home (ya nyumbani) au Pro (ya kikazi). Mashine yenye leseni ya Home ukiipiga Pro haitaaktiveti kwa kii yake. Na flashi nyingi za maofisini hazina Home kabisa, kwa hiyo hata fundi angetaka asingeipata humo.

Nilichofanya, nilihamisha picha na mafaili yake kwanza, nikachukua flashi ya GB 8, nikashusha Windows kutoka kwenye tovuti ya Microsoft wenyewe (bure, na unajua kilichomo, flashi ya kuzungushwa mkono kwa mkono huwezi kujua imeshachomekwa wapi), nikafuta pateisheni (zile sehemu za diski) nikapiga upya. Haikuniuliza kii. Ilichagua Home yenyewe, na nilipoiunganisha na waifai ikaaktiveti bila mimi kugusa kitu.

Kitu kingine, leseni ya OEM inakaa na mashine iliyokuja nayo, haihami. Ukibadilisha mazabodi (bodi kuu ya ndani) kwa hiari yako inahesabika ni mashine nyingine. Ile ya dukani unaweza kuihamisha ila uitoe kwanza kule ilikokuwa. Na kama mashine haina leseni yoyote na hela ya kununua hakuna, weka Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, kama Ubuntu au Mint, hiyo flashi azima na azimisha utakavyo, leseni yake inaruhusu.

Dada nimemwachia ile flashi, nimeibandika karatasi imeandikwa HOME.